Maiti Iliyomo Majini: Ni Kazi ya Nani Kuiopoa?

Siku ya Jumapili, tarehe 29 Septemba, 2019, feri iitwayo Harambee ilikuwa ikivuka mlango wa Likoni, Mombasa, ikiwa imechukua watu na magari. Kabla haijafika ng'ambo, gari moja liliteleza kinyumenyume likatumbukia baharini, na ndani yake mlikuwa na mama na binti yake mdogo. Waliokuwamo katika feri waliliona gari likielea kwa muda mfupi, kisha likazama mbele ya macho yao. Halikutolewa majini mpaka tarehe 11 Oktoba. Siku hizo zote jamaa za marehemu walikuwa ufuoni wakiitazama bahari, na watu wa nchi nzima wakauliza swali moja: Mtu akifa maji, ni nani apaswaye kumtoa?

Swali hilo halikuanzia Likoni. Kila majira ya mvua mito ya Tana, Athi, Nzoia na Nyando huchukua watu. Ziwa Victoria huwachukua wavuvi usiku wa dhoruba. Na hata vidimbwi vya mashimo ya mawe vilivyo kando ya miji huwachukua watoto waendao kuogelea. Wengi wa hao hawaandikwi katika gazeti lolote. Jamaa zao huhangaika wenyewe ukingoni, wakitafuta mvuvi mwenye wavu au kijana ajuaye kupiga mbizi, na kila mmoja hutaja bei yake.

Wako wasemao kwamba aliyekufa amekufa, na kwamba haifai kutumia fedha nyingi wala kuhatarisha walio hai kwa ajili ya maiti. Maneno hayo husemwa kwa urahisi na mtu ambaye hajafiwa. Yafaa kueleza kwa nini jambo hili ni la watu wote, wala si la nyumba moja iliyopatwa na msiba.

Kwanza, ni kwa sababu ya sheria. Mtu akifa nyumbani au hospitali, kifo chake huandikwa, na jamaa hupewa cheti. Kwa cheti hicho mjane aweza kwenda kortini kuomba kusimamia mali, kudai akiba ya marehemu katika chama cha ushirika, na kuandikisha shamba kwa jina jipya. Bali mtu akizama asionekane tena, hakuna anayeweza kusema kwa yakini kwamba amekufa. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 118A, yasema kwamba mtu ambaye hajasikiwa kwa muda wa miaka 7, na wale ambao wangepaswa kumsikia kama yu hai, atahesabiwa kuwa amekufa mpaka ithibitishwe vingine. Miaka 7 ni mingi. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza baba yake alipozama atakuwa amekwisha kumaliza shule ya msingi, na kumbe karo ilikuwa imefungiwa katika akiba isiyoweza kuguswa.

Iko njia ya kuufupisha muda huo, nayo haijulikani na wengi. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 387, yampa hakimu uwezo wa kuchunguza habari za mtu aliyepotea na kuaminiwa kuwa amekufa. Hakimu akimaliza kusikiliza mashahidi hupeleka taarifa yake juu, akishauri kama miaka ile 7 yafaa kupunguzwa na kufanywa mingapi, na Korti Kuu yaweza kutoa amri. Lakini hakimu hawezi kuchunguza asichoelezwa. Kama jamaa hawakupeleka habari polisi siku ile ile, wala hakuna aliyeandika majina ya walioona, hapatakuwa na jambo la kumwonyesha.

Pili, si kila maiti iliyomo majini ni ya mtu aliyezama kwa bahati mbaya. Mwezi wa Januari, 2022, nchi ilishtuka iliposikia kwamba maiti zaidi ya kumi zilizopatikana katika mto Yala, kwa muda wa miezi kadha, zilikuwa zimelala katika chumba cha maiti bila ya kutambuliwa, na baadhi yake zilikuwa na alama za kuumizwa. Mto wapita katika wilaya nyingi, na mtu aweza kutupwa juu akapatikana chini, mahali asipojulikana na yeyote. Kama watu wa chini wangaliisukuma kila maiti kwa mti ili iendelee na safari yake, kama inavyofanywa mahali pengine, mauaji hayo yangalibaki siri ya maji.

Tatu, ni haki ya mazishi. Kwa Waislamu, aliyekufa maji huhesabiwa kuwa shahidi, lakini jamaa zake hawaachi kumtafuta wapate kumwosha, kumkafini na kumzika. Wajaluo, wanaokaa kando ya ziwa na kulijua vema, wana desturi ya kuzika tunda la mvungunya, liitwalo yago kwa lugha yao, mahali pa mtu ambaye maiti yake haikupatikana. Tunda hilo refu huwekwa kaburini kama mwili, na watu humlilia. Desturi yenyewe yaonyesha jinsi kaburi tupu lisivyovumilika.

Tena iko sababu ya nne, isiyotazamiwa. Feri iitwayo Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria, upande wa Tanganyika ya zamani, tarehe 20 Septemba, 2018, watu zaidi ya 200 walikufa. Siku mbili baadaye wazamiaji walikuwa wakitafuta maiti. Ndani ya chombo kile kilichopinduka walimkuta fundi wa mitambo yu hai, katika chumba kilichobaki na hewa. Waliokwenda kutoa wafu walimtoa aliye hai.

Sasa ni nani apaswaye kufanya kazi hiyo? Sheria ile ile ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 386, yamwamuru mkuu wa kituo cha polisi kwamba akipata habari ya mtu aliyekufa kwa ajali, au kwa hali ya kutilia shaka, au aliyepotea na kuaminiwa kuwa amekufa, ampashe hakimu habari mara moja, naye aende mahali maiti ilipo, achunguze na kuandika taarifa. Basi wa kwanza ni polisi. Hana ruhusa ya kuwaambia jamaa, “Mkimpata mtuletee.” Lakini msomaji mwangalifu ataona kwamba kifungu chasema polisi aende mahali maiti ilipo. Maiti ikiwa chini ya maji, sheria haisemi ni nani atakayevua viatu akaingia.

Katiba ya mwaka wa 2010 yaweka kazi ya kukabili maafa mikononi mwa serikali kuu na mikononi mwa serikali za kaunti pia. Mwaka wa 2018 ilipitishwa sheria iliyounda Kikosi cha Walinzi wa Pwani, na miongoni mwa kazi zake imo kutafuta na kuokoa watu majini. Iko pia afisi ya Mombasa iliyofunguliwa mwaka wa 2006 ya kuongoza kazi ya kutafuta vyombo vilivyopotea katika bahari yetu. Na Jeshi la Wanamaji huitwa mara nyingi panapotokea msiba mkubwa, kwa kuwa ndilo lenye wazamiaji wenye ujuzi. Mikono ni mingi. Tatizo ni kwamba kazi ikiwa ya wengi, kila mmoja huweza kudhani mwenzake ameishika. Tena mkataba wa mataifa juu ya kutafuta na kuokoa watu baharini, uliofanywa Hamburg mwaka wa 1979, wahusu watu walio katika hatari, yaani walio hai. Matumaini ya uhai yakiisha, kazi ya kuokoa huwa imekwisha kwa maneno ya mkataba, na kazi ya kuopoa huanza. Na hiyo ya pili ndiyo isiyo na mwenyewe.

Nchi nyingine zilipita katika shida hiyo hiyo. Katika Uingereza, mwishoni mwa mwaka wa 1807, manowari iitwayo Anson ilivunjika karibu na pwani ya Cornwall, na watu wengi wakafa. Maiti zilizotupwa ufuoni zilizikwa ovyo juu ya majabali, bila ya jeneza wala sala, maana hapakuwa na mtu aliyelazimishwa na sheria kuzigharimia. Watu wa huko waliona aibu. Mwaka wa 1808 Bunge lilitunga sheria kwamba kila maiti itupwayo pwani na bahari izikwe kwa heshima na watu wa parokia ile, na gharama zirudishwe kutoka katika fedha za jimbo. Aliyeiona maiti na kupeleka habari alipewa shilingi 5, na fedha hizo hazikutoka mfukoni mwa mfiwa. Hata hivyo sheria ile ilitaja bahari. Mwaka wa 1878 meli iitwayo Princess Alice ilizama katika mto Thames, watu zaidi ya 600 wakafa, na mambo yakapelekwa kortini watu wakibishana ni nani alipe, kwa kuwa mto si bahari. Ilingojewa mpaka mwaka wa 1886 sheria ikapanuliwa ihusu pia mito ipitiwayo na vyombo. Kutoka sheria ya kwanza hadi ya pili ilikuwa miaka 78.

Hapa kwetu yapasa pia kueleza kwa nini kazi hii huchelewa, maana watu waliokasirika hudhani wakati wote kwamba wanaochelewa ni wavivu. Mtu aliyezama hujaa maji mapafuni, akaenda chini. Baadaye mwili huanza kuoza, hewa huzaliwa ndani yake, nao huinuka juu. Katika maji ya vuguvugu kama ya ziwa letu na ya pwani, jambo hilo huchukua siku mbili au tatu hivi. Katika maji ya baridi ya milimani, hukawia zaidi. Katika kina kirefu uzito wa maji huibana hewa ile, na huenda mwili usiinuke kamwe. Aliyefungika ndani ya gari, au aliyenaswa na mizizi ya miti, hatainuka mpaka afuatwe.

Gari la Likoni lilikutwa kwenye kina cha mita 58. Hapo maji humkandamiza mzamiaji karibu mara 7 kuliko hewa ya juu. Akivuta hewa ya kawaida kwenye kina hicho, akili hulewa kama mtu aliyekunywa pombe; na akipanda upesi, hewa iliyoingia katika damu hufanya mapovu na kumlemaza au kumwua. Hana budi kupanda polepole, akisimama njiani. Tena bahari ya Mombasa hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua tofauti ya maji hupita mita 3, kwa hiyo katika mlango ule mwembamba mkondo huenda mbio. Mzamiaji hungoja saa chache maji yanapotulia. Huko chini ni giza, na juu yake zapita meli za bandari ya Kilindini pamoja na feri zenyewe. Mtu apigaye mbizi kwa pumzi yake tu, hata awe hodari namna gani, hafiki huko.

Haraka isiyo na ujuzi huweza kuleta msiba juu ya msiba. Meli ya Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza, tarehe 21 Mei, 1996, ilibaki ikielea na tumbo juu, na watu walisikiwa wakigonga kutoka ndani. Lilitobolewa tundu ili watolewe. Hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka, nayo ikazama.

Lakini katika mito na maziwa, mambo ni tofauti, na hapo wapiga mbizi wa vijijini wastahili sifa. Tarehe 4 Desemba, 2021, basi lililokuwa likichukua wanakwaya kwenda arusini lilijaribu kuvuka mto Enziu, karibu na Mwingi, maji yakiwa yamefunika daraja. Lilisukumwa na mkondo likazama, na watu zaidi ya 30 wakafa. Wa kwanza kuingia majini walikuwa wenyeji, nao waliwatoa baadhi ya abiria wakiwa hai kabla ya wazamiaji wa serikali kufika. Katika mafuriko ya mwaka wa 2024, mashua ilipinduka tarehe 28 Aprili katika maji ya mto Tana yaliyokuwa yamekata barabara kati ya Garissa na Madogo. Watu 23 waliokolewa, na waliokufa walitafutwa kwa siku kadha. Anayejua kila jiwe na kila kona ya mto wake ni mwenye kukaa kando yake. Ajabu ni kwamba mtu huyo hana kamba ya serikali, hana koti la kuelea, hana glavu, na akifa kazini watoto wake hawana madai. Akiomba fedha kwa wafiwa, huitwa mchoyo. Haifai mfiwa auziwe maiti yake. Wala haifai mtu kuhatarisha maisha bure. Malipo hayo yangetoka katika fedha za kaunti zilizotengwa kwa ajili ya maafa, kwa orodha ya wapiga mbizi waliojaribiwa na kuandikwa jina kabla ya mvua, pale ugomvi usingekuwapo.

Wajibu wa raia nao uko, na waanza dakika ile ile mtu anapozama. Aliye ukingoni asijitupe majini, maana mara nyingi mtu mmoja akizama hufuatwa na wawili waliotaka kumwokoa. Amtupie kamba, tawi refu, upondo, au mtungi mtupu wa plastiki uliofungwa kifuniko. Akitolewa upesi asihesabiwe kuwa amekufa kwa sababu tu hapumui. Asining'inizwe kichwa chini wala kubingirishwa tumboni, kama walivyofanya wazee. Maji hayatoki kwa njia hiyo, na wakati hupotea. Alazwe chali, apuliziwe pumzi kinywani, kifua chake kibanwe kwa nguvu mara kwa mara, huku mwingine akikimbilia msaada.

Kama amekwisha kuzama asionekane, jambo lenye faida kuliko yote ni kupakumbuka mahali. Katika maji yaliyotulia, mwili huenda chini karibu na pale ulipoonekana mara ya mwisho. Wavuvi wa pwani hujua namna ya kupashika mahali bila ya kuweka alama majini: hutazama vitu viwili vya nchi kavu vilivyo katika mstari mmoja, kama mnazi mbele ya mnara wa msikiti, kisha hutazama vingine viwili upande wa pili. Mistari miwili ikikutana, hapo ndipo. Mtoto wa shule aweza kufanya hivyo. Ikiwa ni mtoni, shahidi mmoja abaki amesimama pale pale ukingoni asiondoke, hata wenzake wakienda kuwaita wakubwa. Mara nyingi wazamiaji hufika jioni na kuonyeshwa mahali patatu na watu watatu.

Habari zipelekwe kwa chifu au kituo cha polisi kilicho karibu. Wako wanaoona maiti na kunyamaza, wakiogopa kuzuiwa na kuhojiwa kama wauaji, au kuitwa kortini na kupoteza siku za kazi. Hofu hiyo haikutoka hewani, na maofisa wamfokeao mleta habari ndio waliomfunza kunyamaza siku nyingine. Hata hivyo kuona maiti si kosa, na ushahidi wa shahidi kama huyo kwa kawaida ni maneno machache: aliiona wapi, saa ngapi, imelala namna gani. Ikiwa mkondo wataka kuichukua, yafaa kuifunga kwa kamba ukingoni. Nguo zisivuliwe, mifuko isipekuliwe, wala isizikwe kabla polisi hawajaiona. Na wale wapigao picha kwa simu na kuzituma huku na huku wajue kwamba kuna nyumba zilizopata habari ya kifo kwa njia hiyo, kabla hajafika mjumbe yeyote.

Jamaa waendao kituoni waeleze nguo alizovaa marehemu, kovu alilo nalo, meno yaliyong'oka, na vitu vilivyokuwa mfukoni, maana baada ya siku tatu majini uso hautambulikani. Wataje majina ya walioona. Habari ikiisha kuandikwa katika kitabu cha matukio, waombe namba yake na tarehe, waiweke pamoja na cheti cha shamba na karatasi nyingine za nyumba. Maiti ikipatikana, namba hiyo itaiunganisha na jina. Isipopatikana, ndiyo karatasi ya kwanza atakayoiuliza hakimu.